Breki Iliyokaa Tumboni mwa Gari

Ningekuwa nimekaa nanyi ningewaonyesha kiganja changu cha kulia, tukamalizana. Katikati pana alama, nusu duara, ngozi yake laini kama ya mtoto mchanga. Haioti sugu hata nikishika nyundo mwaka mzima. Lakini mmenitaka niandike, na mimi shule niliachia darasa la nne hapa Ujiji, kwa hiyo mtanivumilia. Nitapinda njiani. Fundi wa magari akianza kunyoosha sana maneno, ujue ana spea mbovu anataka kukuuzia.

Ninyi vijana wa gereji za Mwanga siku hizi mna kibunduki cha kupimia joto. Mnakielekeza kwenye gurudumu, kinasoma namba, mnaandika. Sisi tulikuwa na kiganja. Aliyenifundisha kiganja ni Mzee Tambwe, Mmanyema wa Ujiji, fundi aliyeanza kazi kwenye karakana za reli akahamia kwenye magari baada ya kugombana na bosi wake juu ya kikombe cha chai. Kisa cha kikombe kile ni kirefu, nakiacha. Mzee Tambwe alikuwa hasemi sana. Ukikosea anakutupia tambara lenye grisi usoni, na tambara likikupata unajua umekosea, ila nini umekosea utafute mwenyewe.

Sheria yake ya breki ilikuwa hivi. Ukishamaliza kutengeneza, endesha gari kwenye tambarare mpaka sokoni Mwanga na kurudi, bila kukanyaga breki ila pale inapobidi. Shuka. Zunguka gari zima, weka kiganja kwenye ringi ya kila gurudumu. Ukikuta moja la moto, breki yake imekwama, imeng'ang'ania, ifungue tena. Ukikuta yote manne baridi, mpe mwenyewe ufunguo wake. Nilifanya hivyo miaka kumi na zaidi. Ilifika mahali mkono unagusa wenyewe, mimi nikiwa nazungumza habari za mpira. Kumbukeni hapo: mkono unagusa wenyewe.

Sasa, miaka ile ya wakimbizi. Ninyi wengine hamkuwa mmezaliwa, na wengine wenu wazazi wenu ndio hao waliokuja. Watu walikuwa wanaingia kila siku, kwa miguu kupitia Manyovu mpakani, kwa mitumbwi kupitia ziwani, na vitanda kichwani, na mbuzi, na mtu mwingine hana chochote ila ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena. Mji mzima uliingiwa na woga, hata sisi wenyeji. Ukisikia lori usiku unakaa kitandani. Mtu akichelewa kurudi kutoka Kibirizi, mnaanza kuulizana. Woga unaambukiza, vijana. Mimi sikukimbia popote lakini nilijifunza kulala na viatu karibu.

Katika watu wale alikuja Mwalimu Salvatori. Alikuwa mwalimu wa hesabu upande wa pili wa mpaka, mrefu, mpole, anavaa koti hata jua likiwa la kupasua kichwa. Alikuja na mkewe Goreti, watoto wawili wadogo, na gari. Wakapanga chumba Buzebazeba kwa mtu wa ukoo wao. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la zamani, sura yake kama chura aliyeshiba. Watoto wa Mwanga walikuwa wakiliona wanacheka. Mimi nilicheka mpaka nilipoliinua kwa jeki, nikafungua gurudumu la mbele nione breki, nikakuta hakuna breki.

"Mwalimu," nikamwita, "gari lako wameliibia breki za mbele."

Akacheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka. "Hapana, fundi. Fungua boneti."

Nikafungua. Akanionyesha. Breki za mbele hazikuwa kwenye magurudumu, zilikuwa ndani kabisa, zimebanana na giaboksi, diski moja kushoto, moja kulia. Kutoka pale inatoka shafti kwenda kwenye gurudumu. Ukikanyaga pedali, pedi zinabana diski huko tumboni, diski inazuia shafti, shafti inazuia gurudumu. Hata breki ya mkono ilikuwa hapohapo, na vipedi vyake vidogo, inabana diski zilezile. Nilikaa chini nikatazama kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mwenye kiwele mgongoni.

Nikasema hawa wazungu walilewa. Lakini nitasema ukweli, wiki chache baadaye nililipenda. Kwanza, gurudumu lile lilikuwa jepesi ajabu, halibebi diski wala vyuma vya breki. Barabara zetu za wakati ule zilikuwa na matuta madogomadogo kama ubao wa kufulia. Magari mengine gurudumu linarukaruka, linagusa ardhi pale linapotaka. La mwalimu lilikuwa limenata chini kama mjusi ukutani. Pili, paipu ya breki haipindwipindwi na gurudumu, wala jiwe haliifikii. Tatu ni maji. Masika moja tulikwenda naye ng'ambo ya Luiche, mto umefurika, maji yamepanda barabarani mpaka nusu ya magurudumu. Mbele yetu pikapu ya muuza mchele ilipita, ikatoka upande wa pili breki zimelowa, hazishiki kitu, ikaenda polepole mpaka ikaingia kwenye kibanda cha mama muuza karanga. Sisi tukatoka, mwalimu akakanyaga, gari likasimama palepale. Breki zilikuwa juu, tumboni, kavu. Mama wa karanga akasema, "Hilo lichura ndilo lenye akili." Nilitamba Mwanga nzima kwa sifa ya gari ambalo si langu.

Kulipenda gari lisilo lako ni hatari ya aina yake. Ukilipenda unaacha kulishuku.

Maana ubaya wake ulikuwepo, nami niliuona nikaupa majina mazuri. Kufikia breki zile ulilazimika kulala kifudifudi juu ya injini, mkono mmoja ndani hauoni unachofanya, spana inazunguka kidogo kama mkono wa saa. Shafti ikikatika au jointi yake ikifa, gurudumu lile halina breki tena, hata kama pedi ni mpya. Breki ya gurudumuni inapigwa na upepo ikapoa, hii ya tumboni joto lake linabaki mlemle ndani. Na jirani yake ni nani? Giaboksi, imejaa mafuta, yanazuiwa na kipete kimoja cha mpira, oil sili, ambayo joto ndilo adui yake mkubwa. Sili ikiungua, mafuta yanamwagika. Yanamwagikia wapi? Juu ya diski. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuona hapo mbele kuna nini. Mimi nilikuwa na darasa la nne.

Siku moja jioni mwalimu alikuja mbio, koti limekaa upande. Mama yake amevuka mpaka. Mtu amemwona Manyovu, kwenye uwanja wa kanisa, hai. Mwalimu alikuwa ameshamlilia mama huyo, wameshamfanyia maombi ya marehemu.

"Fundi Issa, kesho asubuhi lazima niwe njiani. Wanaofika pale wanapakiwa kwenye malori, wanagawanywa makambini. Akipakiwa, nitamtafuta wapi kati ya watu wale wote?"

Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha, chuma kinakwaruza chuma, na breki ya mkono haikushika hata kwenye kijimteremko cha kwenda stesheni. Barabara ya Manyovu ilikuwa na vizuizi, na vingine viko mlimani. Askari akikusimamisha kwenye mwinuko gari limejaa, halafu likaanza kurudi nyuma, hataelewa habari za breki.

"Breki ya mkono ishike, fundi. Ishike kabisa."

Nilifanya kazi jioni ile na alfajiri. Pedi za gari lile hazikupatikana Kigoma, wala sijui kama zilipatikana Tanzania. Nilichukua za gari jingine nikazipiga tupa mpaka zikaingia. Nilipokuwa mle ndani, vidole vyangu viliona unyevu chini ya diski ya kushoto. Nikanusa. Mafuta ya giaboksi. Machache, kama jasho. Nikachukua tambara na petroli nikapangusa, nikajiambia ni ya zamani. Halafu nikakaza breki ya mkono. Nikakaza, nikavuta, nikaona inashika, nikaongeza mzunguko mmoja wa nati kwa ajili ya mlima. Ule mzunguko mmoja.

Nikalipeleka mpaka sokoni na kurudi. Nikashuka, nikazunguka, kiganja kwenye ringi: baridi, baridi, baridi, baridi.

Mnaona? Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kulala juu ya injini ile, najua breki iko tumboni, mgongo bado unauma. Na mkono ukaenda kugusa gurudumu. Magurudumu ya mbele yangekuwa baridi hata kama breki inawaka moto. Nilikuwa nimegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu, nikaridhika kwamba hakuna ugomvi ndani.

Saa mbili asubuhi waliondoka wote, mwalimu, Goreti na watoto wawili kiti cha nyuma. Msiniulize kwa nini alichukua watoto. Miaka ile watu wale hawakuacha mtoto nyuma hata kwa saa moja. Mdogo alinipungia mkono kupitia dirishani, ana kipande cha muwa.

Saa nne Mzee Tambwe akapita gereji, kama kawaida yake, kuomba chai na kukagua. Akasimama pale gari lilipokuwa limeegeshwa. Akainama, magoti yakalia. Akachovya kidole.

"Hapa lilisimama gari gani?"

"La mwalimu. Nimemaliza breki zake, mzee. Nimepima, magurudumu yote baridi."

Hakunitupia tambara. Hilo ndilo lililonitisha. Akanusa kidole.

"Haya ni mafuta ya giaboksi. Na yameungua." Akaniangalia. "Issa. Breki ya gari lile iko wapi?"

"Kwenye giaboksi."

"Na wewe umegusa wapi?"

Nilitazama kiganja changu. Mzunguko mmoja wa nati. Breki imekwama, inasugua njia nzima, diski inapata moto, sili inaungua, mafuta yanashuka juu ya pedi. Na wao wanapanda. Kupanda si neno, mlima wenyewe ni breki, mwalimu ataona tu gari zito leo. Kisha watageuza. Kutoka Manyovu wakishapita Kalinzi barabara inaanza kuteremka kuja Mwandiga, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili migomba iko chini kabisa unaona vichwa vyake tu. Na atakuwa na mtu wa tano ndani, mama yake.

"Unangoja nini?" Mzee Tambwe akasema.

Simu za mkononi hazikuwepo. Nilipata mtu wa baiskeli akanifikisha Mwandiga, na pale nikasimama katikati ya barabara mpaka lori la mahindi ya wakimbizi likasimama. Dereva alikuwa Mchaga anaitwa Mushi, aliletwa Kigoma kwa kazi hiyo na analalamika tangu siku ya kwanza.

"Wewe unataka kufa?"

"Nakimbiza gari, kaka. Nimelitengeneza mimi, lina hatari."

Akanitazama kuanzia ndala mpaka kichwani. "Mafundi ninaowajua mimi wanalikimbia gari walilotengeneza. Wewe wa kwanza kulikimbilia. Panda."

Nilimweleza njiani. Mwanzoni alikuwa ananitania, mara mafundi wa huku mwisho wa reli wanafundishwa na samaki, mara sijui nini. Tulipoanza kupanda milima akaacha utani. Kisha akapunguza mwendo.

"Sikiliza, fundi. Wakiwa wameshageuza, tutakutana nao uso kwa uso."

"Ndiyo."

"Barabara hii naijaza mimi peke yangu. Gari halina breki, linashuka, linakuta lori kwenye kona. Litakwenda wapi?"

Nilikuwa sijafikiria hilo. Nimekuja kuwaokoa na nimekuja na ukuta wa kuwagonga. Toka hapo Mushi alipiga honi kila kona, ndefu, anasimama, anasikiliza, anakwenda. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Mimi nilikuwa nimetoa kichwa dirishani nanusa kama mbwa. Kila moshi wa jikoni niliouona juu ya migomba niliuhesabu kuwa wao.

Kona moja tukakuta watu wamejaa ukingoni, wanatazama bondeni. Wanawake wameshika vichwa. Mushi akazima injini bila kuambiwa. Nilishuka. Nilitembea hatua zile kama ishirini huku namwona mtoto yule na muwa wake. Nikafika ukingoni.

"Wangapi?" nikauliza.

"Mikungu minne," mtu mmoja akanijibu. "Na baiskeli. Mwenyewe yule pale, karuka."

Mwenye baiskeli alikuwa amekaa barabarani anatukana breki za baiskeli yake. Nilicheka, nikashindwa kuacha, nikaketi chini nikatapika chai yote ya asubuhi. Yule aliyenijibu akanihurumia: "Kaka, ni ndizi tu."

Tuliwakuta juu zaidi, pale barabara ilipoachana na tambarare ya Kalinzi kuanza mteremko. Gari lilikuwa limeegemea ukuta wa udongo, taa moja imevunjika, mawe makubwa chini ya magurudumu. Boneti lilikuwa linatoa moshi mwembamba wa buluu. Nikahesabu watu kwenye majani. Mwalimu. Goreti. Watoto wawili. Na mbali kidogo, peke yake, bibi mmoja mdogo kama mtoto wa shule, amekumbatia furushi, amelipa gari mgongo.

Mwalimu alikuja ananikimbilia. Goreti ndiye aliyesimulia, maana mwalimu alikuwa hawezi. Walimpata bibi pale pale kanisani, lori la kwenda kambini limeshawashwa. Wakampakia kwenye gari. Hakusema neno njia nzima. Walipokaribia pale akaanza kunusa. Halafu akapiga kelele, "Umuriro! Umuriro!" yaani moto, moto, akafungua mlango gari likitembea, akatoa mguu nje.

"Tulidhani ni akili," Goreti akasema. "Kwa yale aliyoyaona. Mume wangu akamwambia, mama, ni mtu tu anachoma majani. Bibi akasema, kijijini nako harufu ilitangulia, nasi tuliambiana hivyohivyo, ni mtu anachoma majani."

Mwalimu akakanyaga breki ili kumtuliza mama yake. Kwa hilo tu. Pedali ikaenda mpaka chini, maana joto lilikuwa limechemsha mafuta ya breki, gari likaendelea. Akavuta ya mkono, ikateleza kwenye mafuta. Palikuwa bado ni tambarare, mwendo wa mtu anayetembea haraka, akapinda akaligongesha kwenye udongo. Hatua hamsini mbele mteremko ulikuwa unaanza.

Nilikwenda kwenye gari. Mkono ukatangulia kama kawaida, ukagusa ringi ya mbele. Baridi. Moshi unatoka, na gurudumu baridi kama mtungi wa maji. Nikafungua boneti, nikaingiza mkono ule ule ndani, nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani, nikaushusha mpaka kiganja kikakaa juu ya ukingo wa diski.

Alama ndiyo hiyo niliyowaambia.

Bibi ndiye aliyekuja. Wengine walisimama wananitazama navyoruka. Yeye akaniketisha, akamimina maji ya kidumu chao mpaka yakaisha, akachana pindo la kitenge alichovaa, nadhani ndicho pekee alichokuwa nacho, akaanza kunifunga. Mwalimu akawa anasema, "Mungu kakutuma, fundi. Umeota nini mpaka ukatufuata? Mungu kakutuma."

Nitawaambia kitu sijawaambia wengi. Nilitaka kunyamaza. Gari lilikuwa bovu, la zamani, la ajabu, limepita vita. Nani angejua? Maneno yalikuwa tayari mdomoni: magari haya, mwalimu, breki zake zimekaa vibaya. Na si uongo. Lakini mkono wangu ulikuwa mikononi mwa bibi yule, na alikuwa anapuliza kidonda kama anapuliza uji wa mtoto.

"Si Mungu, mwalimu," nikasema. "Ni mimi. Breki ya mkono niliikaza kupita kiasi. Mafuta niliyaona nikayapangusa. Nikapima pasipo breki."

Goreti akawavuta watoto karibu naye, mbali na mimi. Bibi akauliza nimesema nini, mwalimu akamgeuzia kwa Kirundi, polepole, yote. Bibi akasikiliza. Kisha akamaliza kufunga fundo. Aliliweka zuri, halikukaza.

Mushi alipeleka mahindi yake Manyovu, akarudi saa kumi lori tupu, akawapakia wote. Hapa mshike jambo: gari lisilo na breki halivutwi kwa kamba mteremkoni, litakupanda mgongoni. Tulilisukuma mpaka kwenye ua wa mkulima mmoja wa kahawa, likakaa hapo wiki tatu.

Sili niliipata Kibirizi. Nilizunguka nimefunga uzi wa kipimo kidoleni, namwonyesha kila mtu, mpaka fundi wa injini za boti akanipa mbili za pampu ya maji, kipimo kilekile. Nikapanda nazo mpaka uani kwa mkulima, nikaziweka kulia na kushoto. Pedi nikachonga upya, zile zilizokunywa mafuta nikazitupa, pedi ikishakunywa mafuta haioshwi ikapona, msidanganyane. Ya mkono nikaikaza, nikailegeza mpaka diski ikazunguka kwa kidole kimoja. Nikamwambia mwalimu gari limepona.

Mwalimu aliniamini. Bibi alikataa. Akatuma neno kutoka Buzebazeba: hakuna mtu wa nyumba yake atakayepanda, mpaka fundi ateremke mlima uleule akiwa na mama yake mwenyewe ndani.

"Akimpandisha mama yake, na mimi nitapanda."

Mama yangu alikuwa hai wakati huo, Bi Mwajuma, muuza dagaa wa Ujiji, hajawahi kukataa safari ya bure. Nikamwambia twende matembezi Kalinzi. Sikumwambia zaidi. Mushi akatupandisha, mama na yule bibi wamekaa mbele naye, mama anasema Kiha, bibi anajibu Kirundi, hawakunyamaza hata kidogo.

Kabla sijawasha gari niliingia chini yake mara tatu. Mara ya tatu hakukuwa na cha kutazama, nililala tu pale. Nimetengeneza breki nyingi maishani, vijana, lakini siku ile ndiyo nilitengeneza ya kwanza.

Wakakaa nyuma wazee wale wawili, mimi usukani, gia ya kwanza. Kila baada ya kona mbili nilisimama, nikafungua boneti, nikashusha mkono mzima wa kushoto kuelekea kwenye diski, nikarudi. Kona kama ya sita mama akatoa kichwa.

"Issa, hilo gari linaumwa? Mbona unalipima homa kila saa?"

Bibi akamjibu badala yangu. Alimsimulia yote, moshi, mguu nje ya mlango, mzunguko wa nati, kwa Kirundi, na mama kwa Kiha chake akaelewa kila neno. Mama akarudisha kichwa ndani. Tulikwenda mpaka Mwandiga, mpaka Buzebazeba bibi aliposhuka, akagonga bati la gari mara moja kwa ngumi, kama mtu anayekubali ng'ombe mnadani. Tukabaki na mama mpaka Ujiji, mlangoni kwake.

"Wale watoto wawili," akasema, "wanaitwa nani?"

Sikujua. Gari lao nililijua kila nati. Nilijua muwa. Majina yao sikuwa nimeuliza.

"Hukuwahi kuuliza?"

"Hapana, mama."

"Basi rudi ukaulize. Na usiende na gari."

Nilikwenda kwa miguu, Ujiji mpaka Buzebazeba, mkono bado umefungwa pindo la kitenge. Goreti alifungua mlango, nikamwuliza, akaniambia. Toka siku ile hakuna aliyechukua ufunguo wa gari mkononi mwangu kabla sijauliza nani watakaa ndani, na wanaitwa nani. Wateja wengine waliniona nimechanganyikiwa.

Mkubwa alikuwa Inosenti. Wa muwa alikuwa Kevina.